Sura ya Sita: Mlango Unaosimama kwa Mguu Mmoja

Ukitaka kujua mlango wa Mji Mkongwe wa Unguja unavyofanya kazi, usianze na nakshi. Nakshi ni za mpita njia. Ingia ndani, urudishe ubao mmoja hadi ukaribie ukuta, kisha uchutame utazame pembe yake ya chini, ile iliyo upande wa fremu. Hutaona bawaba. Utaona kipande kinene cha mti kimeshuka na kuzama kwenye tundu la kizingiti. Inua macho, na juu utamwona mwenzake ameingia kizingiti cha juu. Basi, ni hivyo tu. Ubao wote unazunguka kwenye ncha hizo mbili, na hakuna parafujo hata moja inayoubeba.

Tuupime uzito wake. Chukua ubao wa mbambakofi wenye upana wa sm 60, urefu wa mita 2.2 na unene wa sm 5. Ujazo wake ni mita za ujazo 0.066. Mbambakofi mkavu una karibu kilo 800 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo ubao huo mmoja una kilo 53 hivi kabla hujaupigilia mfaa, komeo na misumari ya shaba. Vikiongezwa hivyo, fundi anacheza na uzito wa mtu mzima mwembamba. Mtu huyo amesimama kwa mguu mmoja, miaka nenda miaka rudi.

Bawaba ya kawaida hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa: mlango unaning'inia ubavuni. Tuseme una kilo 40 na upana wa sm 90, na bawaba ya juu imeachana na ya chini kwa mita 1.5. Uzito wa mlango umekusanyika katikati, yaani sm 45 kutoka kwenye bawaba. Zidisha 40 kwa 45, gawanya kwa 150, unapata 12. Kwa hiyo parafujo za bawaba ya juu zinavutwa zitoke kwenye fremu kwa nguvu ya kilo 12, usiku na mchana, hata nyumba ikiwa imelala. Kwenye fremu ya mninga si neno. Kwenye fremu ya msindano iliyokatwa juzi na kukauka ikiwa imeshapigiliwa ukutani, hapo ndipo milango inapoanza kukwaruza sakafu na wenye nyumba kuanza kuinyanyua kwa mkono kila wanapofunga.

Mlango wa pini, yaani ule wa ncha mbili, hushusha uzito wote chini, kwenye kizingiti au sakafu. Msukumo wa ubavuni haupotei, ila sasa unaisukuma pini dhidi ya ukuta wa tundu lake, hakuna kinachong'olewa. Isitoshe, pini huwa mwisho kabisa wa mlango, juu na chini. Mlango wetu ule ule wa kilo 40, pini zikiachana kwa mita 2, unasukuma kwa kilo 9 tu. Ingiza pini sm 10 ndani kutoka ukingoni na hesabu inashuka hadi kilo 7, maana sasa sehemu ya mlango iko upande wa pili wa pini na inasaidia kuupa mizani.

Wazo hili ni la kale sana. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, ipo mikanda ya shaba ya malango ya Balawat, yaliyotengenezwa zama za mfalme Shalmaneser wa Tatu wa Ashuru, karne ya 9 kabla ya Kristo. Mbao zake zimeoza zamani, lakini mikanda imebaki, na mahali ilipozunguka nguzo za lango bado panaonekana pamejikunja. Nguzo hizo ndizo zilizozunguka kwenye matundu ya mawe. Fundi wa Ashuru na fundi wa Lamu, wangekutana, wangeelewana bila mkalimani.

Tatizo la mafundi wetu wa leo ni kwamba bawaba hununuliwa siku ya mwisho. Kabati limeshaunganishwa, gundi imekauka, vanishi ya kwanza imepita, ndipo mtoto anatumwa dukani kuleta bawaba pea mbili. Kwa bawaba za kawaida mwendo huo unavumilika. Kwa pini haufai hata kidogo. Pini ni lazima iamuliwe kabla msumeno haujagusa mbao, kwa sababu mahali pake ndipo panapoamua upana wa mlango, ukubwa wa mapengo, umbo la kingo, hata utaratibu wa kuunganisha fremu. Ubao wenye ncha juu na chini hauwezi kuingia kwenye fremu iliyokwisha kufungwa, utagonga tu.

Kuna njia mbili za kuuingiza. Ya kwanza ni kuunganisha fremu ukiwa umeshaitia milango ndani yake, kisha kuisimamisha yote pamoja, kazi ya watu wanne na kelele nyingi. Ya pili ni ya werevu zaidi: tundu la juu lichimbwe refu kuliko mahitaji. Tuseme pini ya chini ina sm 3. Acha pengo la sm 3 kati ya kichwa cha mlango na kizingiti cha juu, fanya pini ya juu iwe na sm 6, na tundu lake liwe na kina cha sm 6 na kidogo. Unauinamisha mlango, unaipenyeza pini ya juu mpaka mwisho, unausimamisha wima, unaushusha polepole hadi pini ya chini itumbukie. Mlango ukishakaa, pini ya juu inabaki imezama sm 3, nazo zinatosha. Pengo la juu litafichwa na fremu iwapo mlango unajifunga kwa nyuma yake. Ila kumbuka kwamba mwizi naye anajua kunyanyua. Ukimaliza, pigilia kipande cha mbao kwenye pengo hilo kwa ndani. Pini za kiwandani zimelitatua jambo hili kwa parafujo: unaizungusha, pini ya juu inazama ndani ya bapa lake, unauweka mlango, unaizungusha tena, pini inatoka.

Sasa tuje kwenye hesabu ambayo mafundi wengi huiruka, halafu wakamaliza siku nzima wakipiga randa ukingo ambao haukuwa na kosa. Pini ikikaa mbali na ukingo, pembe za mlango huchora duara pana kuliko umbali wa ukingo wenyewe. Mlango wa kabati wenye unene wa mm 20, pini ikiwa katikati ya unene na mm 10 kutoka ukingoni, una pembe iliyo umbali wa mm 14.1 kutoka kwenye pini. Ukingo uko mm 10. Kwa hiyo bila pengo la zaidi ya mm 4 pembe itagonga ubavu wa kabati, na mm 4 kwenye kabati la sebuleni ni mwanya wa aibu. Dawa ni kuuviringa ukingo uwe nusu duara ya mm 10, na pini ikae kwenye kitovu cha nusu duara hiyo. Hapo pengo la mm 1.5 au 2 linatosha, na mlango unageuka bila kubadilisha nafasi kati yake na ubavu. Ukingo wa namna hii unapendeza hata kwa mkono.

Kwenye milango mikubwa mambo yanageuka kwa namna ambayo wengi hawaitarajii: kadiri unavyoisogeza pini ndani, ndivyo pengo linavyopungua. Mlango wa mm 40, pini ikiwa mm 20 kutoka ukingoni, unadai zaidi ya mm 8. Pini ikiwa mm 60, unadai mm 3.3. Ikiwa mm 100, mm 2 tu. Lakini kila sentimita unayoisogeza pini unailipa kwa upana wa kupita, kwa sababu sehemu hiyo ya mlango itabaki imesimama katikati ya njia. Mtu anayebeba kochi hatakushukuru. Wazee wa pwani waliliepa suala zima kwa kuweka ncha kwenye ukingo kabisa, nyuma ya fremu, mlango ukifunguka ndani tu. Hakuna sehemu inayochungulia nje, na fremu yenyewe inaziba mwanya.

Kwa kabati na sanduku, bawaba ya pini niipendayo ni ile iitwayo bawaba ya kisu: mabapa mawili membamba ya shaba ya njano, moja lina pini, lingine tundu, yanapishana kama makali ya mkasi. Aliyezipa heshima karne iliyopita ni James Krenov, fundi aliyezaliwa Siberia mwaka 1920, akajifunza kazi Stockholm kwa Carl Malmsten, na mwaka 1981 akaanzisha mafunzo ya fanicha huko Fort Bragg, California. Milango ya makabati yake madogo imening'inizwa kwa bawaba hizi, na ukiyatazama makabati hayo kwa mbele huoni chuma isipokuwa mstari mwembamba wa shaba juu na chini. Zipo za aina mbili. Zilizonyooka ni za mlango unaofunika kingo za ubavu wa kabati. Zenye mkunjo kama herufi L ni za mlango unaoingia katikati ya mbavu. Hizi zina kulia na kushoto, na duka likikuchanganyia pea utagundua kazi ikiwa imefika mbali. Ziweke mezani uzikutanishe kabla hujalipa.

Nafasi za mabapa kwenye kabati huchimbwa kabla ya kutia gundi. Nasisitiza, kwa sababu baada ya gundi utakuwa umeingiza kichwa na patasi ndani ya sanduku, mkono umepinda, na hutaona unachokata. Tengeneza kiolezo kimoja cha plaiwudi, ukitumie juu na chini bila kukibadilisha, ukianzia kipimo kwenye ukingo wa mbele. Chora kwa kisu badala ya penseli. Mstari wa kisu unaipa patasi mahali pa kukaa. Ondoa nyama ya katikati kwa ruta ndogo au kwa patasi ya mm 6, kisha malizia kingo kwa mkono hadi bapa liingie kwa kusukumwa na dole gumba. Kama linaingia kwa kudondoka lenyewe, umeshapoteza. Bapa lilale sawa na uso wa mbao, si juu wala chini, maana pengo kati ya mlango na kabati litatokana na unene wa washa iliyo kati ya mabapa mawili peke yake. Washa ya mm 1 inakupa pengo la mm 1.

Bapa lenye pini linakaa kwenye kabati, juu na chini. Lenye tundu linakaa kwenye mlango. Mlango wenyewe uchimbe baada ya kabati kukauka na baada ya kuulinganisha na uwazi wake, na nafasi ya juu iachwe fupi kidogo, ikiwa wazi upande wa ukingo. Sababu utaiona sasa hivi. Funga bapa la chini la mlango kwa parafujo zake. Bapa la juu la mlango usilifunge. Livishe kwenye pini ya kabati lining'inie hapo. Ukiwa umeushika mlango kana kwamba uko wazi kabisa, tundu la chini likae kwenye pini ya chini, kisha sukuma kichwa cha mlango kiingie, bapa la juu likiteleza katika nafasi yake kutokea ukingoni. Kwa kuwa mlango uko wazi, kichwa chake kimetoka nje ya kabati na parafujo zinafikika kutoka juu bila shida. Tia moja kwanza. Funga mlango, utazame mapengo, fungua. Kama umelala upande, nafasi ya juu uliyoiacha fupi kidogo ndiyo itakayokuokoa: nyoa unyoya mmoja kwa patasi, rudia. Parafujo ya pili itiwe mapengo yakishakuridhisha, na siyo kabla.

Parafujo za shaba ni laini na mninga hauna huruma. Toboa kwanza, pitisha parafujo ya chuma ya kipimo kile kile ifungue njia, itoe, kisha tia ya shaba iliyopakwa nta ya mshumaa. Ikikatika ndani utaitafuta kwa machozi.

Kuna udhaifu mmoja wa bawaba hizi ambao wauzaji hawautaji, na sijui kama wengi wao wanaufahamu. Bapa linafungwa kwenye kichwa cha mlango, na mara nyingi kichwa hicho ni mwisho wa ubao wa wima, mahali nyuzi za mti zinapoishia. Parafujo inayoingia sambamba na nyuzi haishiki vizuri, inazitenganisha tu. Kwa mlango mdogo wa kabati haina madhara. Kwa mlango mzito, toboa ubao huo kwa ubavu, tia kijiti cha mviringo cha mti mgumu chenye gundi, mm 10 au 12, ili parafujo ikishuka ikutane na nyuzi zinazokatiza. Au upange tangu mwanzo ubao wa mlalo wa juu na wa chini ufike hadi pembeni, ubao wa wima uishie kwake. Hilo la pili halina gharama yoyote isipokuwa kulifikiria mapema.

Pini ina fadhila pia kwa wanaofanya kazi na mbao zetu ambazo mara nyingi hazijakauka inavyopaswa. Mti ukikauka husinyaa kwa upana, lakini kwa urefu hausinyai kiasi cha kuonekana. Pini ziko kwenye mstari wa urefu, kwa hiyo umbali kati ya ya juu na ya chini haubadiliki. Upana ukipungua, unapungukia upande wa kitasa, ambako unaweza kurekebisha kwa dakika chache.

Usipopata bawaba za kisu, au bei yake ikikukimbiza, tengeneza. Fimbo ya shaba ya kulehemu ya mm 3, inayouzwa kwa mafundi vyuma, ukiikata inatoa pini nyingi kwa pesa kidogo. Kwa kifuniko cha sanduku, toboa kutoka nje ya ubavu mpaka ndani ya kifuniko, gonga pini, kata ilingane, piga msasa. Kifuniko chenye unene wa mm 12 kiwekewe pini mm 6 kutoka nyuma, na pembe yake ya chini ya nyuma uiviringe, la sivyo kitagoma kufunguka. Nimeona masanduku mazuri ya namna hii Keko, Dar es Salaam, ambayo mnunuzi aliyazungusha mkononi akitafuta kinachofungua.

Dukani nenda na sumaku ndogo mfukoni. Muuzaji atakuambia, "Hizi shaba tupu, fundi wangu, chukua tu." Mwache amalize kusifu, kisha zigusishe sumaku. Zikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na mtu wa Tanga, Mombasa au Pemba asizichukue hata kwa bure. Hewa ya chumvi itazila, na kutu ikikutana na utomvu wa mvule au mninga inaacha madoa meusi yasiyofutika. Stenlesi nzuri kwa kawaida nayo hainasi, au inanasa kwa unyonge.

Kwa mlango wa chumba, kitu cha kwanza kuulizwa ni sakafu. Pini ya chini inahitaji zege lililo imara, na marumaru peke yake siyo zege. Kama nyumba ni ya ghorofa, mwulize fundi umeme na fundi bomba mahali mabomba yao yalipopita kabla ya kuwasha keekee. Ukishapata nafasi ya juu, usipime ya chini kwa futi kutoka ukutani, kwa sababu ukuta haujawahi kunyooka. Shusha timazi kutoka kitovu cha tundu la juu, subiri itulie, weka alama ilipogusa. Pini zikipishana hata kwa mm 5, mlango utatafuta mahali pa chini na kwenda huko wenyewe, ukifunguka usiku bila kuguswa na kuwatia watoto hofu. Tabia hiyo hiyo unaweza kuitumia kwa makusudi: geti dogo la bustani likiwa na pini ya juu iliyoinama kidogo kuelekea upande wa kufungia, linajifunga bila springi.

Tundu la chini hukusanya mchanga na maji ya kupiga deki. Pini ya mti isifike kwenye kizingiti ikiwa tupu. Ivishe kofia ya bomba la shaba, na toboa kijitundu cha kutolea maji kuelekea nje. Kwa ncha za mti tumia nta au unga wa penseli, si grisi. Grisi hushika vumbi na vumbi hilo hukata kama msasa. Grisi ni ya chuma kwa chuma.

Mteja atakuja na picha kwenye simu, mlango wa mita 1.5 kwa upana unaozunguka kwa pini, ukiwa mlango mkuu wa nyumba. Mwambie ukweli kabla ya kumpa bei. Sehemu ya mlango huo inaingia ndani huku nyingine ikitoka nje, kwa hiyo mbao za kuzuilia haziwezi kuzunguka fremu nzima upande mmoja. Zinakatika kwenye pini na kuhamia upande wa pili, na hapo palipokatika ndipo mvua ya masika inapopita. Mimi mlango huo nauweka kati ya sebule na chumba cha kulia, ambako hakuna wa kuumwagia maji. Kwa mlango wa nje unaotazama upepo nafunga bawaba nne nene za kawaida na parafujo ndefu zinazofika ndani ya fremu. Mteja akishikilia pini yake, basi paa la baraza lisogezwe mbele mita 2 kwanza, na gharama hiyo iandikwe kwenye karatasi ile ile ya bei ya mlango.